Unataka kuwa mtafiti wa virusi vinavyoshambulia ubongo? Anzia hapa

Maswali yanayonijia ni yaleyale: lazima niwe daktari? nianze na ubongo ama virusi? hesabu zipo nyingi? si ntaambukizwa? Nimejibu mmoja mmoja mpaka vidole vimechoka, kwahiyo leo naandika yote kwa mkupuo na atakayeuliza tena namtumia hii.

Kwanza kitu ambacho mie sikuambiwa na mtu. Hii kazi ni fani mbili zilizofungwa kamba moja. Watu wa virusi wanakuona wewe ni mtu wa ubongo, watu wa ubongo wanakuona mtu wa virusi, na wengi wanaokwama ni wale waliosoma nusu ya huku na nusu ya kule alafu kote hawajaiva. Ushauri wangu, na wapo wenzangu wanaobisha kabisa: shika virusi kwa mikono kwanza, ubongo ufuate. Sababu utaiona hatua ya 4.

Kabla hujaanza, uwe na hivi

- Baiolojia, kemia na hesabu za sekondari zilizokaa vizuri. Fizikia ikiwepo safi, maana hadubini na umeme wa neva ni fizikia tupu.
- Kingereza cha kusoma. Cha kuongea kitakuja chenyewe, ila makala karibu zote za fani hii zimeandikwa kwa Kingereza na huwezi kukwepa.
- Kompyuta yoyote inayowaka na intaneti. PubMed ya kutafutia makala ni bure, bioRxiv ya makala ambazo hazijapita kwa wahakiki ni bure, programu ya kupima picha za seli inaitwa ImageJ nayo bure. Huna kisingizio.
- Daftari la karatasi. Sio la simu. Utanishukuru.
- Moyo wa kumuona mnyama wa maabara akifa na wewe ndo uliyemwambukiza. Sio wote wanaweza, na kutoweza sio aibu, kuna kazi za seli na za data tupu. Ila jiulize mapema.
- Miaka. Shahada ya kwanza 3 au 4, masters 1 au 2, PhD kuanzia 3 hadi 6 kutegemea nchi, alafu posdoki (utafiti wa baada ya PhD kwenye maabara ya mtu mwingine). Kama unatafuta kitu cha haraka geuza hapahapa, hatutagombana.

Hatua ya 1: Chagua mlango wa kuingilia

Milango ipo mitatu minne. Wa kwanza ni wa maabara moja kwa moja, shahada ya sayansi kisha PhD. Wa pili ni udaktari, unasoma tiba alafu unabobea kwenye mishipa ya fahamu au magonjwa ya kuambukiza, huku unafanya utafiti pembeni. Wa tatu ni wa mifugo, na huu watu wanaudharau bila sababu, wakati kichaa cha mbwa na virusi vya Nipah na West Nile, vyote vimetoka kwa wanyama na daktari wa mifugo anavielewa kuliko sisi. Wa nne ni wa data, umetoka kwenye kompyuta au takwimu ukaingia kwenye mfuatano wa vinasaba vya virusi.

Kwahiyo hapana, sio lazima uwe daktari. Ila ukitaka kugusa wagonjwa, kuchukua maji ya uti wa mgongo na kuamua dawa, hapo udaktari hauna mbadala. Daktari ataona mgonjwa wa homa na kuchanganyikiwa, picha ya ubongo inaonyesha sehemu ya pembeni karibu na sikio imevimba, moja kwa moja anawaza kirusi cha herpes simplex na anaanza acyclovir, dawa ya kukizuia, kabla hata majibu hayajarudi, kwasababu bila dawa karibu asilimia 70 ya hao wagonjwa hufa. Mtu wa maabara anauliza swali jingine: kwa nini kirusi ambacho watu wengi duniani wanacho na hakiwafanyi kitu zaidi ya vidonda vya mdomo, kwa huyu mmoja kimepanda kichwani?

Ukijua swali lipi linakukosesha usingizi, mlango umeshaujua.

Hatua ya 2: Shahada ya kwanza, usome nini

Jina la shahada halina maana sana. Baiolojia ya molekuli, biokemia, maikrobaiolojia, famasia, zote zinafika. Ndani yake hakikisha umechukua baiolojia ya seli, kinga ya mwili, jenetiki, na TAKWIMU. Takwimu nimeweka herufi kubwa kwasababu kila mtu anaikimbia alafu mwaka wa tatu wa PhD analia.

Somo la ubongo lenyewe moja au mawili yanatosha kwa sasa. Ujue nyuroni (seli za neva), astrosaiti (zinazozihudumia nyuroni), mikroglia (seli za kinga za ubongo) na seli zinazofunika nyuzi za neva, na ujue ule ukuta kati ya damu na ubongo unafanyaje kazi. Kosa la kila anayeanza ni kudhani kirusi kikiwa ubongoni basi kipo ndani ya nyuroni. Sio hivo. VVU vinakaa zaidi kwenye mikroglia na seli ndugu zake, kirusi cha JC kinaua seli zinazofunika nyuzi, Zika kinapenda seli changa zinazotengeneza ubongo wa mtoto tumboni. Ukilijua hilo kwenye interview umeshawazidi nusu ya wenzako.

Hatua ya 3: Ingia maabara mapema, hata kuosha vyombo

Usisubiri umalize. Mwaka wa pili anza kuandikia maprofesa. Na hapa ndo watu wanaharibu, wanatuma imeli moja kwa watu hamsini, "Dear Sir, I am very passionate", hata jina halijabadilishwa. Inafutwa.

Fanya hivi: soma makala moja ya huyo profesa mpaka mwisho, andika mistari sita. Wewe ni nani, unasoma nini, kitu gani kwenye makala yake kimekugusa, swali moja, unaomba nini, una muda gani. Swali liwe la kweli, mfano: "Kwenye picha ya 3 mmeonyesha mikroglia zimeongezeka siku ya 5, je mlijaribu kuziondoa kabla ya maambukizi?" Hata kama swali lako lina kasoro, anajua umesoma. Asipojibu, wiki mbili mkumbushe mara moja. Asipojibu tena, songa mbele, hajakuchukia, imeli zake zipo elfu nane.

Ukipata nafasi ukaambiwa uoshe chupa na kupanga friza, panga friza. Mie nilijifunza zaidi kwenye friza kuliko darasani, kila kichupa kina tarehe, jina la kirusi, kimepitishwa kwenye seli mara ngapi, na aliyekiandika vibaya unamjua na unamlaani.

Hatua ya 4: Jifunze kuhesabu virusi

Kama ukibaki na hatua moja tu kwenye mwongozo huu, iwe hii. Jaribio la plaki lilianza kutumika kwa virusi vya wanyama mwaka 1952, ni la kizamani, na bado ndo mtihani wa mikono yako. Kwa ufupi:

a) Panda seli mpaka zifunike sahani vizuri. Wengi wanatumia seli za Vero, zilizotolewa kwenye figo ya tumbili huko Japani mwaka 1962.

b) Punguza virusi mara kumi, alafu mara kumi tena, na tena. Badilisha ncha ya pipeti kila mara. Usipobadilisha unabeba virusi vya juu kuvipeleka chini na hesabu yako yote ni uongo.

c) Weka ujazo unaojulikana juu ya seli, subiri kama saa moja huku unatikisa taratibu, alafu funika na kitu kizito ili virusi visiogelee mbali.

d) Baada ya siku kadhaa weka rangi. Pale kirusi kimoja kilipotua seli zimekufa, unaona kidoa kitupu. Hiyo ndo plaki.

e) Hesabu sahani yenye plaki kama 20 hadi 100. Mfano umepata 45 kwenye mchanganyiko uliopunguzwa mara laki moja na uliweka mililita 0.1, basi una milioni 45 kwa mililita.

Sasa kwa nini nasisitiza. Ukiambiwa weka kirusi kimoja kwa kila seli, yani MOI ya 1, unadhani kila seli itapata kimoja. Wapi! Virusi vinaanguka kama matone ya kwanza ya mvua kwenye ua, kuna jiwe limepigwa matone matatu na jiwe la pembeni kavu kabisa. Kwa MOI ya 1 karibu asilimia 37 ya seli hazipati kitu. Ukitaka zaidi ya 95 zipate, weka 3. Mtu asiyejua hili anakuja kwenye kikao anasema amegundua nyuroni sugu zisizoambukizwa, kumbe amegundua hesabu ya darasani.

Na kingine, kirusi unachokipitisha mara nyingi sehemu moja kinabadilika. Polio ni mfano mkubwa. Kwa miaka mingi wanasayansi waliamini kirusi cha polio kinaishi kwenye neva tu, kwasababu aina waliyotumia ilikuwa imepitishwa kwenye ubongo wa nyani mara nyingi mno mpaka ikawa ya ubongo kweli. Mpaka 1949 watafiti Enders, Weller na Robbins walipokikuza kwenye tishu zisizo za neva, wakapewa Nobel 1954, na 1952 Dorothy Horstmann na David Bodian, kila mmoja kivyake, wakakionyesha ndani ya damu. Kwahiyo andika kwenye kichupa namba ya mapito. Andika!

Hatua ya 5: Sasa ubongo

Nyuroni hazigawanyiki, hazisamehe. Seli za Vero ukizisahau wikiendi unazikuta, nyuroni ukizitoa kwenye inkubeta mara nne kwa siku kuzichungulia zinakufa kwa hasira. Mambo matatu: sahani ipakwe polilisini (kama gundi ya seli) la sivyo hazishiki, zisikauke hata sekunde chache, na chakula chao ubadilishe nusu tu, usimwage chote, maana kile cha zamani kina vitu zenyewe zimetengeneza na zinavihitaji.

Siku hizi kuna seli shina zinazotokana na ngozi au damu ya mtu (mbinu ya mtafiti Yamanaka ya 2006 kwa panya, 2007 kwa binadamu) na kuna vijiubongo vidogo vya kukuza kwenye sahani vilivyoanza 2013. Vilisaidia sana 2016 kuonyesha Zika inavyoua seli changa za ubongo. Vizuri, ila usianzie hapo. Vinachukua miezi na kila kimoja kina umbo lake.

Kwa wanyama, onyo langu kubwa, na hili limenipata. Nilikuwa napima vinasaba vya kirusi kwenye ubongo wa panya kwa PCR (kipimo kinachozidisha vinasaba ili vionekane), siku ya pili tu naviona vimejaa, nikafurahi, nikatengeneza na grafu nzuri za rangi. Miezi mitatu. Mpaka fundi mmoja mkongwe aliponiuliza kwa upole, "mwanangu, damu uliitoa?" Sikuitoa. Ubongo una mishipa kibao, mishipa imejaa damu, damu imejaa virusi. Nilikuwa napima damu. Siku hizi kabla ya kuchukua ubongo napitisha maji ya chumvi kwenye moyo mpaka ini lipauke, ndo nachukua.

Umri wa panya nao uangalie, virusi vingi vya ubongo vinamuua panya mchanga na mkubwa anapona. Na ukichoma kirusi moja kwa moja ndani ya ubongo, usije ukaandika chochote kuhusu jinsi kinavyoingia ubongoni. Wewe ndo umekiingiza.

Hatua ya 6: Usalama (hapa sitanii)

Je ntaambukizwa? Ukifuata utaratibu, uwezekano ni mdogo sana. Usipofuata, soma hii: mwaka 1997 nchini Marekani mtafiti kijana alirukiwa na majimaji jichoni akihamisha nyani aina ya rhesus, hakuwa amevaa miwani ya kinga, kirusi cha herpes B kikapanda ubongoni na akafariki. Tone moja.

Maabara zina ngazi 1 hadi 4. Herpes simplex unafanyia ngazi ya 2, Nipah ni ngazi ya 4 ambako unavaa suti yenye hewa yake. Anayeanza asikimbilie ngazi ya 4 kwa sifa, mafunzo ni marefu na kila kitu kinachukua mara tatu ya muda.

Sheria zangu: chanjo kabla ya kugusa (kichaa cha mbwa hata kama kazi ni ya "mara moja tu", na kinga yako ipimwe damu), usirudishe kifuniko kwenye sindano, macho yafunikwe, usifanye kazi ya hatari ukiwa peke yako usiku. Ukiwa mjamzito au unapanga kuwa, mwambie afisa usalama mapema, Zika na kirusi cha sitomegalo vinamdhuru mtoto tumboni, sio vya kujaribu. Na ukijichoma, SEMA hapohapo. Wanaoficha kwa kuogopa kugombezwa ndo wananitisha kuliko kirusi.

Hatua ya 7: Kompyuta

Jifunze lugha ya kompyuta ya R au Python, moja tu inatosha, kiasi cha kuchora grafu na kupima takwimu bila kuomba mtu. Hii fanya usiku ukisubiri seli. Basi.

Hatua ya 8: Chagua swali, sio kirusi

"Napenda Zika" sio mpango wa kazi. Zika iligunduliwa 1947 kwa tumbili kwenye msitu wa Zika, Uganda, ikakaa karibu miaka 60 hakuna anayeijali, 2015 Brazil ikalipuka na kila mtu akawa mtaalam, na mlipuko ulipoisha pesa nazo zikapungua na waliojenga jina juu ya kirusi kimoja wakabaki wanahangaika. Mwenye swali anahama na swali lake.

Maswali yenye nyama ni kama haya. Kinaingiaje? Kichaa cha mbwa kinapanda kwa neva kurudi nyuma kutoka kwenye jeraha, vingine vinapita kwenye damu. Kwa nini huyu na sio yule? Polio inapooza kama mtu 1 kati ya 200 walioambukizwa, West Nile inafika kwenye neva kwa kama 1 kati ya 150, hao wengine wanaendelea na maisha yao, na mwaka 2007 ilionekana baadhi ya watoto wanaopata herpes ya ubongo wana kasoro ya kuzaliwa kwenye jini inayoitwa TLR3, swali zuri hilo. Kinajificha wapi? Surua inaweza kukaa kimya miaka 6 hadi 10 alafu ikarudi kuharibu ubongo wa mtoto. Na ninalolipenda mie: nani anaua, kirusi au kinga? Panya akichomwa LCMV (kirusi cha panya) ubongoni anakufa kwa kazi ya seli T, seli za kinga zake mwenyewe, ukiziondoa anaishi na kirusi kimo ndani.

Hatua ya 9: PhD na supavaiza

Marekani mara nyingi unaingia PhD bila masters na unalipwa posho, sehemu nyingi za Ulaya wanataka masters kwanza. IBRO (shirika la kimataifa la utafiti wa ubongo) wanafadhili kozi fupi za sayansi ya ubongo, fuatilia matangazo yao.

Supavaiza mchague kwa makini kuliko chuo. Ongea na wanafunzi wake wakiwa peke yao. Uliza wangapi wamemaliza, walitumia miaka mingapi, saivi wako wapi. Wakianza kuangaliana kabla ya kujibu, umeshajibiwa. Kama yeye ni mtu wa virusi, tafuta msimamizi wa pili wa ubongo, na kinyume chake.

Hatua ya 10: Baadaye

Posdoki miaka kadhaa, halafu unaomba fedha zako na kuwa na maabara. Au kampuni za chanjo, maabara za serikali za kufuatilia milipuko, uchunguzi hospitalini, uhariri wa majarida. Viti vya uprofesa ni vichache kuliko watu wenye PhD, lijue hilo tangu leo ili usione umefeli ukienda kwingine.

Mambo yakikwama

*Plaki hazionekani.* Mara nyingi kichupa kimeyeyushwa na kugandishwa mara nyingi, kila safari virusi vinakufa. Gawa kwenye vichupa vidogo tangu siku ya kwanza, weka nyuzi -80.

*Plaki zimeungana sahani yote tupu.* Hujapunguza vya kutosha, ongeza hatua mbili.

*Nyuroni zinakufa hata zile ambazo hukuziwekea kirusi.* Hiyo ndo faida ya kuwa na sahani ya kulinganishia, usiwahi kuiacha. Huenda majimaji ya seli uliyokuzia virusi ndo sumu, wawekee hao wa kulinganishia majimaji yaleyale yasiyo na kirusi uone.

*Matokeo ya jana hayarudi leo.* Pima mikoplazma (bakteria wadogo sana wanaochafua seli) kwanza. Haionekani kwa macho, haiweki ukungu kwenye sahani, na inaharibu kila kitu. Pima kila mwezi.

*PCR inasema kirusi kipo, plaki zinasema hakipo.* Zote zinaweza kuwa sahihi. PCR inaona vinasaba hata vya maiti, plaki inaona kilicho hai tu.

*Kinga haifanyi kazi kwenye seli zangu.* Ni Vero? Vero hazitengenezi intafaroni ya aina ya kwanza (protini ya kupambana na virusi), ndo maana virusi vinazipenda. Badilisha seli.

*Mgonjwa ana dalili zote na hakuna kirusi.* Sio kila uvimbe wa ubongo ni kirusi, 2007 ulielezwa ugonjwa ambao kingamwili za mtu zinashambulia vipokezi vya NMDA vya ubongo wake mwenyewe, na wakati mwingine unakuja wiki chache baada ya herpes. Mpigie mtu wa kinga.

*Maombi yamekataliwa.* Omba maoni, pumzika siku mbili, rekebisha, tuma kwingine. Ya kwangu ya kwanza yalikataliwa kwasababu nilisahau kuweka idadi ya panya.

*Naogopa kila nikiumwa kichwa.* Wote tumepita hapo, mwaka wa kwanza kila homa unaona ni kirusi chako. Chukua kadi yenye jina la kirusi unachofanyia kazi na namba ya afisa usalama, itembee na wewe, na ukipata homa kweli mwonyeshe daktari hiyo kadi kabla hujaanza kujieleza.